Nilichomtafsiria Mwanaidi

Alby, Stockholm

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza goti. Shemeji Hassani alinipigia akasema siku hizi unatembea mpaka sokoni bila fimbo, nikafurahi, ila nakujua: hata likiuma huwezi kumwambia mtu. Kama linauma, lipumzishe. Na mvua huko Korogwe zikoje? Mahindi yameshika? Huku sisi tu wazima wa mwili. Mwanaidi anakula vizuri, anakwenda kazini, na juzi alipika mlenda wa kwenye pakiti, akaonja, akasema huu ni mlenda kwa jina tu.

Utashangaa kupata karatasi ilhali tunaongea kwenye simu kila Ijumaa. Mwanaidi ndiye aliyetaka iwe barua. Alisema, "Mwandikie mama, kwa mkono wako. Kwenye simu utachekacheka." Kwa hiyo naandika, na kila nikikaribia jambo lenyewe nainuka kwenda kuchemsha chai. Mkwe hapaswi kusimama mbele ya mama mkwe wake na aibu kama hii, lakini ndiyo niliyo nayo, na inahusu mwanao na kanga zako.

Zile kanga ulizomtumia miaka yote hii, kila mgeni alipokuja huku, hazikuishia kabatini. Zilizoanza kuchakaa alizikata vipande, akavigeuza kuwa mablanketi ya viraka. Watu wa huku wanayapenda sana. Juu ni viraka, chini kitambaa kizima, katikati pamba nyembamba, kisha vyote vinashonwa pamoja. Cherehani alipewa na jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi mmoja wa Uganda aliyeikimbia nchi yake akiwa msichana, naye ndiye aliyemwonyesha mwanzo. Baada ya hapo Mwanaidi alijifunza peke yake. Akirudi kutoka kusafisha maofisi alikaa kwenye cherehani mpaka chakula kinapoa. Blanketi moja alilishona kwa kanga zako tupu, ile nyekundu ya harusi yetu akaiweka katikati. Hilo hakutaka hata nilikalie.

Nilipopata likizo ya kiangazi kwenye mabasi ninayoendesha, nilimwambia twende tukazunguke. Tangu aje, alikuwa haijui nchi hii zaidi ya vituo vya treni yetu, Alby mpaka mjini, na Skärholmen siku za kununua nguo. Yeye akasema huko mashambani kuna maduka ya vitambaa vya viraka, mengine kwenye mabanda ya ng'ombe ya zamani, mengine kwenye shule zilizofungwa. Alikuwa akiyatazama kwenye simu. Tukakubaliana tusipite barabara kuu. Tutapita njia za ndani, duka hadi duka, tukichoka tutalala. Mablanketi yake tukayapakia nyuma ya gari, maana alikuwa na wazo kwamba huenda duka mojawapo lingekubali kuyapokea na kuyauza.

Mama, siku za mwanzo zilikuwa tamu. Barabara za changarawe, ngano kushoto na kulia, nyumba nyekundu moja moja, ziwa linatokea kisha linajificha nyuma ya misonobari. Mwanaidi alivua viatu akaweka miguu juu ya dashibodi. Kila akiona kibao cha duka ananigusa bega, "Kata hapo, kata hapo." Humo ndani anagusa kila kitambaa kama mtu anayesalimia ndugu waliokuja msibani, hamruki hata mmoja. Karibu na mlango huwa wameweka viti vya waume. Mimi nilikaa hapo na wazee wa Kiswidi walioletwa na wake zao, tukanywa kahawa. Mzee mmoja aliniuliza kama nami nimetekwa. Nikamwambia nimetekwa tangu Jumatatu.

Sasa ujue hali yetu ilivyokuwa. Mwanaidi Kiswidi anakisikia, hasa mtu akisema polepole, lakini alizoea mimi nimsemee. Benki ni mimi, kwa daktari ni mimi, hata duka la dawa ni mimi. Kazini kwake anashika ufagio na hakuna wa kuongea naye. Nilimwambia mara nyingi kwamba Kiswidi chake kitakuja tu, asijali, nipo. Na nilipenda hivyo. Akiinua macho kunitazama ili nimsemee, nilijiona mwanamume wa maana.

Basi siku moja tulifika kwenye duka kando ya ziwa, ndani ya banda kubwa lililopakwa chokaa. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, nywele nyeupe fupi, miwani ikining'inia kifuani. Mwanaidi aliniambia nimuulize kama angepokea mablanketi yake kuyauza. Nikauliza. Akasema tuyalete. Mwanaidi akayatandaza kwenye meza ndefu ya kukatia, la kanga zako likiwa juu.

Yule mama alivaa miwani. Akageuza pindo, akavuta mshono kwa ukucha, akalowesha leso kwenye maji akaisugua juu ya ile kanga nyekundu. Leso ikatoka nyekundu. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasema, akaniambia:

"Rangi zinapendeza, lakini siwezi kuyauza. Vitambaa havikukazwa rangi kabla ya kushonwa, vitachuja. Na mishono inayoshika pamba iko mbali mbali mno, siku ya kwanza ya kufua pamba itajikusanya pembeni. Mwambie hivyo. Umwambie pia kwamba mwezi wa tisa tunaanza darasa hapa, kila Jumamosi, na nafasi ipo. Mkono anao. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha."

Yote niliyasikia, ila nusu ya kwanza ndiyo iliyonikaa kichwani. Nilimtazama Mwanaidi, amekumbatia mkoba wake, anafuata midomo yetu.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema ni mazuri sana," nikamwambia. "Hajawahi kuona rangi kama hizi. Ila sasa hivi duka limejaa, tumtafute mwezi wa tisa."

Ilinitoka kirahisi hivyo. Hapa mwanzoni nilikuwa nimeandika kwamba nilikosea kutafsiri. Mwanaidi alisoma, akasema, "Andika ulidanganya." Basi, Mama, nilidanganya.

Uso wake ulifunguka. Akayakunja yale mengine, akaliacha la kanga mezani. Kisha akalishika kwa mikono miwili akamsogezea yule mama, akasema kwa Kiswidi, mwenyewe, bila kunitazama, "Asante. Hili ni lako."

Yule mama alisimama na blanketi mkononi hajui alifanyeje. Akanigeukia. "Ameelewa nilichosema?"

"Ameelewa," nikamjibu. "Ndivyo alivyo. Anapenda kutoa."

"Na habari ya darasa?"

"Ameelewa yote."

Kulikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema, Mwanaidi, ngoja kidogo. Ningeaibika dakika chache mbele ya meza ile na blanketi lingerudi garini. Badala yake nikaenda nikamshikia mlango. Njia nzima aliimba nyimbo zenu za maulidi, na mimi nikawa naitikia. Sikuwa na uso wa kuitikia, lakini niliitikia.

Kesho yake tulisimama kwenye duka jingine, shule ya zamani iliyo jirani na kanisa. Nilibaki nyuma kuegesha gari. Nilipoingia nikamkuta Mwanaidi yuko mbele ya kaunta peke yake, anaongea Kiswidi, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa amepata moyo, Mama. Uongo wangu ndio uliompa moyo. Anamweleza mwenye duka kwamba yule mama wa kando ya ziwa atachukua mablanketi yake mwezi wa tisa.

Mwenye duka akafurahi. "Namfahamu, tunashona pamoja. Ngoja nimpigie nimpongeze."

Nikasema hakuna haja, tusimsumbue. Lakini simu ilikuwa imeshaita. Alianza kwa kucheka. Kisha akasikiliza, na macho yake yakaja kwangu, yakakaa kwangu. Mwanaidi aliyafuata yale macho mpaka yakamfikisha usoni mwangu.

Tulitoka nje. Akasimama kando ya ukuta wa kanisa, akasema, "Yule mama alisema nini? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Nilipofika kwenye darasa la Jumamosi na ule mkono aliosema anao, alifumba macho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Sikutaka uumie."

"Niumie kwa mshono? Mama alinifumulia mishono mpaka nikajua kutia pindo, na niliinuka nikala wali wangu. Hukuogopa niumie, Athumani. Ulitaka tu niendelee kukutazama vile ninavyokutazama."

Akaingia garini akasema, "Geuza."

Tukarudi njia ile ile. Kwenye banda la kando ya ziwa aliniambia nibaki garini. Nilikaa. Kupitia dirishani niliwaona wameinamia meza, vichwa viwili karibu karibu, yule mama anamwonyesha kitu kwa sindano, Mwanaidi anaitikia kwa kichwa, anauliza, anajibiwa. Muda mrefu. Wateja waliingia wakatoka, kila mmoja akinitupia jicho. Alipotoka, blanketi lilikuwa mkononi, limefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Alikuwa amelihifadhi," akasema. "Alihisi kuna kitu hakikukaa sawa, ila hakujua atupate wapi."

"Mmeelewana?"

"Nimesema polepole, naye akasema polepole. Haikuwa kazi kubwa."

Tulikatiza safari, tukageukia nyumbani. Tulikuwa tumeshakwenda kitambo, naye anatazama mashamba, ndipo akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na kwa daktari?"

Unajua anachosema, Mama. Ni siku ile baada ya mimba kutoka, daktari alipotuambia kwamba kizazi kimeumia na hatashika mimba tena. Ni wewe uliyelia naye kwenye simu mpaka salio likakwisha. Mle chumbani pia mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Na naapa kwako, kule nilimwambia kila neno kama lilivyotoka, kwa sababu siku ile sikuwa na nguvu ya kutunga chochote.

Nikamwambia hivyo. Alinitazama, na niliona anataka kuniamini. Akasema, "Sijui."

Tangu hapo nyumba yetu imekuwa na adabu nyingi, kama ya wapangaji. Hatugombani. Ananiandalia chakula, ananiuliza habari za kazi. Lakini benki anakwenda mwenyewe. Duka la dawa anakwenda mwenyewe. Jumamosi anatoka na mkoba wake wa vitambaa, anapanda treni kisha basi, mpaka kule ziwani. Nilimwambia nitampeleka kwa gari, akasema asante, basi lipo.

Mwezi huu aliomba miadi kwa daktari yule yule, akaomba na mkalimani. Alinikubalia niende, ila nikae kwenye korido. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume, Kiswahili chake cha Kongo. Mlango haukufungika vizuri. Nilisikia sauti ya daktari, kisha ile ya kwenye simu ikirudia taratibu, kisha Mwanaidi akiuliza kitu, kisha ile sauti ya kwenye simu tena. Sikuweza kukaa wala kusimama.

Alitoka, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Ulisema kweli," akaniambia.

Neno hilo nilikuwa nimelingoja kwa wiki nyingi, nikidhani likija nitapumua. Halikunipa nafuu yoyote. Habari ile aliisikia mara moja, kutoka kwangu, ikamlaza chini, akainuka. Sasa amelazimika kurudi kwenye kiti kile kile aisikie tena, kwa kinywa cha mtu asiyemjua wala asiyemwona, kwa sababu changu hakikumtosha. Hilo ndilo nililomfanyia mwanao. Kanga zako zipo, hazikupotea. Nimekwambia yaliyobaki.

Sikuombi uniombee kwake. Ukiona vyema kunikemea siku ya Ijumaa, nikemee, nitasikiliza na sitacheka.

Nisalimie shemeji Hassani, mwambie ile betri ya pikipiki asinunue bila mimi kuiona picha. Nisalimie shangazi Bahati wa vitumbua, na mjomba Kilua aliyetufungisha ndoa. Yeye mfikishie salamu tu, haya mengine nitamwambia mimi nikija.

Mwanaidi ameisoma barua yote. Sasa amekwenda kutafuta bahasha.

Mkweo mwenye haya,

Athumani