Hodi ya Alhamisi

Mama,

Jana nilikitoa chumba chako. Nakwambia mapema nisije nikazungukazunguka, maana unanijua.

Ulipotuacha, Kampala ilikuwa tupu. Mizinga ilipoanza kusikika, wapangaji wetu wote hapa chini ya kilima cha Lubaga walikimbilia vijijini. Mama Akello, mke wa askari, akapanda lori kwenda kwao kaskazini. Nakumbuka ulivyompa sufuria yako nzuri, ukamwambia lazima airudishe mwenyewe.

Na wewe, Mama wewe, kila Alhamisi jioni na chetezo chako cha udi. Ulipita mlango kwa mlango kama zamani, na vyumba vyenyewe havina mtu. Unabisha hodi, unangoja kidogo, ndipo unaingia na moshi wako. Nilikuwa nakucheka. Sukari hatuna, sabuni hatuna, wewe unawafukizia panya. Ukaniambia, "Watarudi, Zuhura, na wakirudi wasikute nyumba inanuka gofu." Natamani unikaripie tena hivyo, hata mara moja tu.

Basi watu wamekuja, ila si wale. Vita vilivyoumwaga mji huu ndivyo vilivyoujaza. Wametoka Masaka, wametoka kila mahali ambako nyumba hazina mapaa tena, na kurudi hawana pa kurudi. Bombani foleni tangu alfajiri, na pale ulipokuwa ukianika nguo watoto wamepageuza uwanja wa mpira. Ungefurahi, na ungegomba vilevile. Chumba cha Mama Akello wanakaa wengine. Akija na sufuria sijui nitamwambia nini.

Chako tu nilikifunga. Harufu yako ilikuwa bado humo, kwenye pazia na kwenye mto, na mimi nilikuwa naingia nakaa kitandani kwako. Waliokiulizia niliwaambia kina mwenyewe.

Jana, Alhamisi, nimeshika chetezo chako, akaja mwanamke mjamzito na wanawe wawili, rozari shingoni. Kule juu kanisani wamejaa, hakuna pa kulala. Nikamwambia hata hapa hakuna. Hakubisha. Alisema tu kwamba njia nzima nyumba zilinuka moto na panya, akafika hapa akasikia udi. "Nikajua hapa wanangoja mtu," akasema.

Mama, nililia mbele ya mgeni, moshi ukapata lawama. Kisha nikaenda kuleta ufunguo.

Mto wako nimeuchukua, usinione mchoyo. Leo asubuhi nimesikia watoto wanacheka chumbani mwako na nimesimama uani nikiwasikiliza mpaka chai ikapoa.

Pumzika, Mama yangu. Alhamisi ijayo nitaanzia mlango wako, na nitabisha hodi kama ulivyokuwa ukibisha. Nakuahidi sitalia nikisikia mtu ananijibu, "Karibu."

Mwanao,
Zuhura