Tapeti Nane za Pijo

Ihembe, 4 Machi 2024

Mwanangu Noela,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua mvua ikianza. Wewe je, na joto la huko Dar? Simu siisikii tena, masikio yamezeeka kabla yangu, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi pale Omurushaka.

Gari letu, Pijo 404, linagonga. Ni tapeti, vile vichuma vinavyosukuma valvu. Unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu ukasikiliza injini ukasema, "Baba, ni silinda ya tatu"? Nilicheka, nikafungua, ikawa kweli. Sasa zote nane zinagonga. Kaka yako Winston alileta mpya kutoka Bukoba, mwezi mmoja zikalika. Bati tupu! Wewe uko huko mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, na jicho la vyuma ni lako. Nitafutie nane za kweli.

Najua una kinyongo. Kibanja, shamba la ukoo, nilimpa Winston, desturi yetu unaijua. Lakini gari halina migomba wala kaburi la babu. Likipona ni lako. Nimeandika kwa mkono wangu.

Baba yako,
Melkiory


Gerezani, Dar es Salaam, 19 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Mimi sijambo, joto nimelizoea na vyuma vinanilisha.

Kinyongo changu si cha kibanja. Kinachoniuma ni siku tulipomzika Mama. Niliingia na begi chumbani kwangu nikakuta magunia ya kahawa ya Winston, nawe ukasema nikalale chumba cha wageni. Mimi, mgeni! Miaka mitano sijakanyaga Ihembe kwa sababu ya neno hilo.

Tapeti nitatafuta. Nitumie zile za kwanza, zilizokuja na gari, kila moja na namba ya tundu lake, nione zimelika upande gani. Lakini usinitanie juu ya gari. Sema kama unamaanisha.

Mwanao,
Noela


Ihembe, 6 Aprili 2024

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara mbili. Neno lile nililisema. Siku ile sikuwa na akili, lakini kusema nililisema. Nisamehe.

Tapeti ziko ndani ya soksi, zote zina namba. Nimeweka na kahawa ya kutafuna. Najua kwetu hupewa wageni, lakini hii usiseme ni ya wageni. Nimeichemsha na kuianika mwenyewe, ikiwa ngumu vumilia.

Gari ni lako. Nimemwambia Winston.

Baba yako


Gerezani, 2 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Samahani kwa ukimya, nimetafuta miezi mitano. Watu wananiletea maboksi mazuri yenye takataka ndani. Nawafanyia ulivyonifundisha: napitisha tupa usoni mwa tapeti, ikiuma, chuma ni laini, narudisha. Wengine wananiita mchawi.

Nimezipata Tanga, kwa mjane wa fundi. Mpya, bado zina grisi ya kiwandani! Amenipa pamoja na kamshafti, ule mhimili unaozisukuma. Nimeshukuru, maana kwa nilivyoziona zile za zamani, kamshafti yako nayo imekwisha.

Sasa nisikilize. Tapeti mpya haifungwi juu ya kamshafti iliyolika, zitamalizana siku hiyo hiyo. Tapeti nakutumia kwa sababu nakujua, hutaamini mpaka uzishike. Kamshafti siiamini buti ya basi, nitakuja nayo mwenyewe Krismasi. Asifunge mtu. Nitafunga mimi, wewe unishikie taa kama nilivyokuwa nakushikia. Likizo nimeshaomba. Nitalala hata juu ya magunia.

Mwanao akupendaye,
Noela


Ihembe, 11 Novemba 2024

Mwanangu Noela,

Hujambo? Sisi wazima wa mwili, ila furaha hakuna.

Winston ameoa tarehe mbili. Sikukuambia. Ukoo ulikaa, na baba yako mdogo Anastazi akasema gari haliwezi kumfuata mtoto wa kike, akiolewa litahamia kwa watu. Wakasema bibi harusi aingie Ihembe kwa Pijo, na baada ya hapo libaki kwa Winston. Niliikumbuka barua niliyokuandikia. Nikanyamaza. Sikutaka ugomvi wiki ya harusi.

Fundi wa Winston akafunga tapeti zako. Nilimweleza habari ya kamshafti, akasema wazee tunaogopa sana.

Noela, liliwaka! Lilinguruma bila kugonga hata kidogo, machozi yakanitoka. Kanisani lilitoka vizuri. Kwenye kilima cha kuja nyumbani likaanza kelele, kisha likazima. Bibi harusi alipanda kwa miguu, viatu mkononi. Tulipofungua, tapeti zote nane zilikuwa zimelika nyuso, na kamshafti imebaki kama mpini wa jembe.

Winston anaomba ile kamshafti, na tapeti nyingine kama zipo. Na mimi nakuomba. Njoo Krismasi, mwanangu. Chumba cha wageni nimekipaka chokaa.

Baba yako


Gerezani, 28 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Mpe Winston hongera, na mkewe umpe pole ya miguu.

Tapeti nyingine hakuna. Barua yako ya tarehe nne Machi ninayo, nimeisoma tena leo. Silii kwa ajili ya gari. Nalia kwa kuwa ulikaa kwenye kikao kile, ukakumbuka ulichoniandikia, ukafunga mdomo.

Kamshafti nilikuwa nimeiweka juu ya rafu dukani, nimeifunga kwa kanga ya Mama. Jana alikuja mzee kutoka Moshi, ana Pijo kama lile. Alifuatana na binti yake. Mzee alikuwa tayari kuichukua, kisha akamgeukia akamwambia, "Mama, ipime wewe kwanza." Binti akatoa tupa mkobani, akaipitisha taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Nimewauzia. Kanga nimebaki nayo.

Likizo nimeifuta. Chumba mpeni mgeni mwingine.

Noela Kokushubira,
Muuza spea