Sehemu ya Bruxelles Ambayo Hukumwambia Mama

Butembo, Kimemi
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa kaka yangu Melchior,

Pokea salamu za dada yako kwanza, kabla sijafika kwenye yale mengine. U mzima? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepoa? Na wifi Séphora, bado anafanya ile kazi ya kutunza wazee? Watoto wanaendeleaje na masomo? Niliona picha ya mdogo wao akiwa amevaa koti linalomfika miguuni, nikacheka peke yangu. Alifanana na wewe siku ya komunyo yako, ulipovaa koti la baba.

Sisi huku tunapumua. Malaria ilinilaza, nikainuka. Mvua haikati, barabara ya Beni ni tope, bei ya unga inapanda kila nikienda sokoni. Mdogo wetu Kambere bado anabeba watu kwa pikipiki kati ya Butembo na Beni, na akichelewa jioni mke wake huja kukaa kwangu mpaka tusikie pikipiki yake. Hizo ndizo habari zetu.

Barua hii umeletewa na Abbé Gracien, padri wetu, anayekuja huko kwa masomo. Nimemwomba akupe mkononi. Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu umekwisha kunizoea: nikianza kusema, uko kazini, na nikikuandikia ujumbe unanirudishia kidole gumba. Kwenye karatasi hakuna kidole gumba.

Nataka tuseme juu ya mama, na juu ya huo mji wako.

Unajua mama alivyofika kwangu mwaka jana. Wale waasi wa porini tunaowaita adui walipita kwetu kule nyuma ya Oicha, nyumba ikaungua na vyote vilivyokuwamo, na mama akatembea porini mpaka barabarani akiwa na kiatu kimoja. Kambere alimleta hapa Kimemi kwa pikipiki. Miezi na miezi alikaa kwenye kiti kilekile akitazama ukuta. Hakuuliza kakao yake, hakuuliza hata kaburi la baba. Nilimpikia, nilimwombea, nilimwitia wamama wa jumuiya, nikashindwa. Wewe ndiye uliyemwamsha, na haki yako sikunyimi.

Ulianza kumtumia sauti yako kila Jumapili, ukimsimulia mji huo unamotembeza wageni. Tukitoka misa naweka simu juu ya meza, majirani wanakuja na vigoda vyao. Ulisimulia vizuri, Melchior. Kazi hiyo ya kutembeza wazungu ndani ya mji wao wenyewe hukuipata kwa bahati.

Ulianza na kinamasi. Ulisema zamani Bruxelles ilikuwa tope tupu, mto na kisiwa kidogo, na kwamba wazee wa huko husimulia juu ya askofu mmoja mtakatifu aliyejenga kikanisa hapo kisiwani. Mama alifurahi kusikia kwamba hata wao walianza na tope. Halafu akaja bwana mmoja na ngome yake, likaja soko, ukaja ukuta mkubwa wenye milango saba. Jirani yangu Agar, aliyekimbia vita vya Luofu na watoto wake, aliuliza milango hiyo ilifungwa saa ngapi. Watu walicheka. Mimi nilijua kwa nini anauliza.

Ulimwambia mama kwamba hata jina lake, Godelive, ni la mtakatifu wa nchi hiyohiyo ya Ubelgiji, na kwamba wamisionari walikuja nalo. Tangu siku hiyo akawa anatania akisema "kwetu Bulaya". Ulimsimulia jinsi walivyoufunika mto wao wote kwa ajili ya uchafu na kipindupindu, farasi na magari yakapita juu yake. Mama aliuliza wanawake walikwenda kuteka maji wapi. Hilo hukulijibu mpaka leo.

Ulipofika kwa yule mfalme mwenye ndevu ndefu, ambaye lile tao lake kubwa lilisimama juu ya jasho la babu zetu waliomgemea mpira, ulipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya ua wenye mbwa mkali. Na mwaka 1958, watu wetu walipowekwa nyuma ya uzio kwenye maonyesho, wageni wakiwatupia ndizi, hapo pia uliharakisha. Mama aliuliza tu kama hizo ndizi zilikuwa mbivu. Nilicheka, kisha nikasikia uchungu.

Lakini hayo yote nayasamehe. Hadithi ambayo siisamehe ni ile ya moto.

Ulisema mwaka 1695 askari wa mfalme wa Wafaransa walipanda vilima vya nje ya mji, wakaupiga kwa mizinga na mabomu ya moto, usiku na mchana. Theluthi ya nyumba zikawa majivu. Watu walikimbilia upande wa juu, wakasimama kutazama kwao kunavyoungua. Kisha wakarudi: waoka mikate kwenye kiwanja chao, watengeneza bia kwenye chao, wenye mitumbwi kwenye chao. Ilipopita miaka minne au mitano ule uwanja mkubwa ulikuwa umesimama tena, mzuri kuliko wa kwanza. Ukamaliza kwa maneno ya kila mtu kurudi mahali pake, ambayo nimeyasikia mpaka nayajua kwa moyo: "Mama, bale batu habakungoja mutu abaambie. Kila mutu alirudia ku fasi yake."

Mama akataka irudiwe. Nikairudia. Akakunja kitambaa chake magotini, akakutaja kwa jina lako la nyumbani: "Mumbere amesema."

Hapo ndipo kosa lilipo, kaka. Umesahau baba yetu Ézéchiel alivyoiongoza nyumba yake? Amri hakutoa hata siku moja. Alipotaka uache pombe, alisimulia habari za mtu fulani aliyelala mtaroni mpaka mbwa wakamlamba. Alipotaka mama auze mbuzi, alisimulia habari za jirani aliyechelewa kuuza. Mama aliishi naye maisha yote akisikia hadithi na kuelewa anachoambiwa. Sasa baba amelala chini ya migomba yake, na neno la nyumba limebaki kwako, wewe Mumbere, mzaliwa wa kwanza. Unamchukua mjane aliyechomewa nyumba, unamsimulia habari za watu walioungua wakarudi kwenye misingi yao. Ulidhani atasikia historia?

Baada ya Pasaka alifunga mzigo wake. Nilisimama mlangoni nikamshika mkono, nikamwambia kule hakujatulia. Akaniambia, "Mumbere alisema kila mutu alirudia ku fasi yake. Miye nabakia hapa juu ya nini?" Akapanda lori la magunia akiwa na jembe jipya, na ile simu yake ndogo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwekea sauti zako zote kwenye kadi. Ndiyo, mimi. Mzigo huo siutupi wote kwako.

Mwezi uliopita Kambere alikwenda kumwona. Amefyeka, amekata nguzo, mianzi ya kuta imeanza kufungwa. Anafanya kazi kama msichana, Kambere anasema, na jioni anakaa karibu na kaburi la baba anasikiliza Bruxelles. Lakini wale waliorudi pamoja naye wamekwisha kuondoka tena. Adui ameonekana ng'ambo ya mto, na mwenye shamba la jirani alikwenda kuvuna kakao, hajarudi. Amebaki mama na mzee mmoja asiyesikia.

Kambere alimwambia apande pikipiki waondoke saa ileile. Mama akamwangalia kwa huruma, kama mtoto aliyekosea njia. "Weye ni Kambere," akamwambia, yaani yeye ni mwana wa pili tu. "Mumbere ndiye alianza kusema, Mumbere ndiye atamaliza." Kambere alinisimulia hayo akiwa amekaa jikoni kwangu, na machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye watoto wanne.

Nilikupigia siku hiyohiyo. Ulisema mama ni mtu mzima, ana haki ya kuwa kwake, na kwamba kurudi kwake ni ushujaa. Nilikata simu nikijiambia labda umechoka.

Halafu ukatutumia ile video. Umesimama katikati ya huo uwanja wako, umeinua mwavuli wa kazi na jua linawaka, unawaambia wageni kwa Kifaransa kizuri kwamba mama yako mzazi, huko Kongo, sasa hivi anajenga upya kama watu wa Bruxelles walivyojenga. Wakapiga makofi. Mama mmoja mbele ana chokoleti mkononi, anajifuta macho, anaendelea kula. Melchior, wamempigia makofi mama yetu, ambaye usiku analala na nguo zake zote mwilini ili aweze kukimbia.

Nakuambia bila kuficha: nilikuchukia. Niliweka simu chini ya mto wa kitanda nisiione. Mpaka leo sijui kama chuki hiyo imekwisha au imelala tu.

Nikamwendea Abbé Gracien, kwa kuwa amesoma, nikamuuliza hivyo vita vyako viliishaje. Akaniambia wale askari walipiga mizinga kwa siku chache tu, kisha wakafunga vitu vyao wakaenda kupigana kwingine. Vilima vikabaki vitupu. Watu walijenga wakati mizinga imekwisha kuondoka. Hata kama kulikuwa na hofu ya wengine kuja, hakuna aliyekuwa juu ya kilima akimtazama mwoka mikate anavyopanga mawe yake.

Hiyo ndiyo sehemu uliyoiruka. Wewe unaijua, kazi yako ni kuijua. Kwa wageni haina utamu, na hapo uwanjani hakuna wa kuumia ukiiruka, kwa hiyo umezoea kuiruka. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waliotuchomea sisi hawajaondoka, wako ng'ambo ya mto.

Basi ninachokuomba ni hiki, na sikuombi kingine. Ukimaliza kusoma, chukua simu, usingoje kesho, mwambie mama hadithi ilikuwa na mkia uliousahau. Anza kama ulivyozoea, "Mama, ni Mumbere." Mwambie wale watu walikaa upande wa juu mpaka askari wa mwisho akaondoka. Mwambie hakuna aliyewaita waoga kwa sababu walingoja. Mwambie chama cha waoka mikate hakikupoteza kiwanja chake kwa kukaa mbali nacho. Tuma kwangu, nitaiweka kwenye kadi, na Kambere ataipeleka mpaka mkononi mwake. Mimi nikisema, ni Kaswera anayepayuka. Kambere akisema, ni Kambere. Watu husema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini safari hii fimbo tuliyo nayo ni hiyo yako ya mbali.

Najua itakuharibia hadithi yako ya uwanjani, na ile video utaona haya kuitazama. Na iharibike.

Kuna jambo moja sikukueleza kwenye simu, kwa sababu ulikuwa na haraka. Unajua kwetu nguzo ya mlango husimikwa na mzaliwa wa kwanza. Mama amesimika nguzo zote isipokuwa hiyo. Shimo lake amelichimba, ameliacha wazi, na Kambere alipotaka kusaidia alimfukuza, akasema hilo ni la Mumbere. Kila mvua ikinyesha linajaa, na asubuhi anapiga magoti analitoa maji kwa kopo. Kingo zinamomonyoka. Kambere anasema limekwisha kuwa pana na refu kuliko shimo la nguzo. Usituache, kaka, tukalitumie kwa kazi nyingine.

Msalimie sana Séphora, na ubusu watoto kwa ajili ya shangazi yao. Kambere na mke wake wanakusalimu, na yeye moyo wake ni mwepesi kuliko wangu, hana kinyongo. Agar anakusalimu, na bado anauliza ile milango saba ilifungwa saa ngapi. Mama hakukutumia salamu. Alimwambia Kambere kwamba atakusalimu mwenyewe, ukija kusimika nguzo yako.

Mungu akulinde katika mji huo ambao mizinga yake iliondoka, na amlinde mama mpaka sauti yako imfikie.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata katika hasira,

Kaswera