Kura na Kula

Rooty Hill, Sydney
Jumapili

Dada yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Kabla hujakaa vizuri kusoma, niambie goti. Ile dawa ya kuchua inasaidia, au inanuka tu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kututafuna vidole. Lakini moyo wangu una joto, maana lile jambo lililoninyima raha limekwisha, na aliyelimaliza ni binti yangu. Sasa kaa.

Nilikwambia kwenye simu kwamba chama chetu cha Waswahili tulipiga kura, kwa karatasi, zikahesabiwa mbele ya macho yetu. Tukapitisha kwamba kila Jumamosi ukumbi uwe wa watoto kujifunza Kiswahili, na mwalimu niwe mimi. Mimi, dada, wa darasa la saba! Maana watoto wa huku ukisema wanakuelewa, ila jibu linarudi Kiingereza. Nikanunua ubao, nikaomba kule kwenye nyumba ya wazee wanibadilishie shifti.

Wiki mbili baadaye kamati ikakaa peke yake, ikatoa waraka. Kura haikufutwa, la, iliwekewa "masharti ya utekelezaji". Mwalimu awe na diploma. Watoto wasipungue arobaini. Hata tungeazima watoto wa mtaa wa jirani, Quakers Hill nzima, tusingefika. Na Jumamosi hiyo hiyo, ukumbini humo, wanakamati hutazama mpira. Mume wangu akaniambia nisishangae, huko Marekani kuna majimbo wananchi wanapitisha jambo kwa kura zao wenyewe, halafu wabunge wa jimbo wanalifunga kwa vifungu mpaka halitembei. Nikamwambia kumbe ugonjwa huu ni wa dunia, lakini mimi unaoniuma ni wa Rooty Hill.

Jumamosi ya wiki juzi kukawa na mkutano wa chama. Nilikwenda nimeshakata tamaa, ubao nimeuacha uvunguni. Mara Rukia wangu akasimama. Unajua ana miaka kumi na minne, na kwa hesabu darasani kwao hana mpinzani, hilo nilishakwambia. Lakini Kiswahili chake kakipata kwa jirani yangu Mama Esperansi, wa Burundi, aliyemlea mimi nikiwa kazini, basi R na L kwake ni mapacha. Nimemkemea miaka. Akasema mbele ya watu wote:

"Mwenyekiti, kula ya mama zetu iko wapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Tulia mwanangu, pilau liko njiani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikavuta mtandio usoni. Mtoto hakukaa.

"Si pilau. Ile mlihesabu hapa. Sasa haipo. Mmekula."

 Mama Esperansi akasema taratibu, "Mutoto amesema vizuri. Mumekula, hata mudomo hamukupanguza."

Hapo kila mtu akapata ulimi. Katibu akataka tupige kura upya. Tukakataa, si tulishapiga? Mwisho Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, ni mpira tu unaomponza, akaomba kalamu, akayakata masharti yote mbele yetu na kutia sahihi. Nilishusha pumzi mpaka aliyekaa mbele yangu akageuka.

Jana ndiyo darasa la kwanza. Watoto tisa, na mmoja ni mjukuu wa Mwenyekiti, kamleta mwenyewe. Ubaoni nikaandika KURA na KULA, nikamwita Rukia asome. Akazisoma zote mbili "kula". Sikumkemea. Nikamwambia rudi ukakae mwanangu, kwa leo umepata.

Msalimie shemeji fundi cherehani, na mama mkwe wako, na mjomba mwadhini, umwambie dua zake zimefika. Na yule mwalimu wetu wa darasa la tatu, aliyesema kichwa changu ni cha kubebea ndoo tu, kama yu hai mpelekee salamu za pekee, umwoneshe na hapa chini nilivyotia sahihi.

Mdogo wako,
Mwalimu Mwanahamisi