Nilifuta Mimi, Analaumiwa Yussuf

Bi Mwanamize mpendwa, assalaam alaykum, naomba unisaidie na pia unistahi, kwa sababu nililolifanya siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Ole, na hasira ninazo mpaka sasa, sijui hata ni za kumkasirikia nani.

Tuko wanne tunaoandika kijitabu cha maneno ya Kipemba ili watoto wetu wasiyasahau: mimi, Kauthar mwenye duka kule Konde, Bi Ummkulthum wa Kojani ambaye haandiki, yeye hutuma sauti Kauthar akaziandika, na Yussuf, mtoto wa jirani yangu, ambaye anasomesha Unguja. Tunaandika kwenye waraka mmoja wa simu, kila mtu anaingia anaongeza chake. Basi huyo Yussuf, Bi Mwanamize, kila nikifungua nakuta kabadilisha, nimeandika kuvyaa yeye kaweka kuzaa, nimeandika wavyele yeye kaweka wazazi, nikirudisha na yeye anarudisha, nikampigia akaniambia, "Dada, watoto watatahiniwa kwa Kiswahili sanifu," nami nikamwambia, "Weye Yussuf, mamaako kakuvyaa au kakuzaa?" akakata simu. Sasa ikiwa kitabu ni cha Kipemba na tunatia Kiswahili cha skuli, si bora tungenunua kamusi tukajikalia zetu?

Siku hiyo ghadhabu zikanipanda. Nilikuwa na nakala yangu ya wiki tatu nyuma, nikafuta kila kilichokuwamo kwenye waraka, nikabandika ile yangu, nikasema haya, tuone. Kumbe ndani ya wiki hizo tatu Kauthar alikuwa ameshaingiza maneno arobaini na saba ya Bi Ummkulthum, ya kuvulia pweza, ya kushonea nyavu, ya kumbembelezea mtoto, yote yakaenda. Na niwe mkweli, maneno ya Kojani yalikuwa yashaanza kuyapita ya Ole, na nilipoona hayapo sikuumia upesi kama ilivyonipasa.

Bi Ummkulthum alipopata habari alituma sauti kwenye kundi letu: "Nyie mwanambia nini? Mie n'mewapa maneno ya wavyele wangu, nyie mwayafuta! Sitii neno tena humo." Kila mtu akasema ni Yussuf, maana ndiye aliyezoea kubadilisha, na kujua nani kafanya nini haiwezekani, kwa kuwa sote wanne tunaingia kwa akaunti moja aliyoifungua Kauthar, kila badiliko linaonyesha jina lake. Yussuf akaapa si yeye, hakuna aliyemsadiki, wakamtoa kwenye kundi na jina lake wakaliondoa kwenye jalada. Mimi nikanyamaza. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa Jumanne, na mamaake kila asubuhi ananiuliza pale mferejini tunapoteka maji, "Mwanangu kafanya nini, mbona mwamtenga?" Nikisema nitaonekana mimi ndiye mharibifu, na ilhali aliyeanza ni yeye. Nifanyeje?

Mwenye Dhiki,
Ole

BI MWANAMIZE ANAJIBU

Mwenye Dhiki, wa alaykum salaam. Pole nakupa moja tu, ya ule uchungu wa kusahihishwa lugha ya mama yako na mtu aliyelelewa kwa lugha hiyo hiyo. Hapo Yussuf kakosa, tena kakosa adabu. Pole yangu inaishia hapo.

Unamshitaki Yussuf kwa kubadilisha neno moja moja, naye akifanya anakiri. Wewe umefuta arobaini na saba kwa mkupuo, kisha ukajibanza nyuma ya jina la Kauthar, ukatazama mwenzio akitolewa. Mharibifu nani? Wahenga walisema hasira hasara, lakini hasara ya hasira zako unambebesha mtoto wa mwenzio, na mama yake unateka naye maji kila asubuhi! Na lile la Kojani kuipita Ole umelisema kwa sauti ya chini, ila nimelisikia. Kipemba si konde la babu yako hata uwapimie wenzio mipaka.

Sasa sikiliza. Maneno hayajapotea. Waraka wa namna hiyo huweka kumbukumbu ya kila ulivyokuwa. Kauthar afungue historia ya mabadiliko, arudi kwenye siku ile, kabla hujabandika, ayachukue maneno ya bibi ayarudishe. Ni kazi ya robo saa. Mmemgombeza mtu mpaka mkamfukuza, wala hakuna aliyefungua kutazama! Lakini historia hiyo itawaambia kilichofutwa na lini, haitawaambia nani, kwa sababu mlikubali watu wanne kutumia jina moja. La nani, unalijua wewe peke yako.

Kuanzia leo kila mmoja awe na akaunti yake, na neno lake la siri asimpe mtu. Anayetaka kubadilisha neno la mwenzake aweke pendekezo pembeni, asiliguse mpaka mwenyewe aridhie. Kila neno liandikwe limetoka wapi, na huyo Yussuf mpeni safu yake ya Kiswahili sanifu, maana mtoto atavihitaji vyote viwili.

Wewe una safari. Kabla ya Jumanne panda boti uende Kojani, ukae mbele ya Bi Ummkulthum umwambie, "Mie ndiye n'liyefuta." Usimtumie sauti. Atakugombeza, nawe inamisha kichwa umsikilize mpaka amalize. Ukirudi, nenda kwa mamaake Yussuf, umpigie mwanawe mbele yake, umtake radhi mama akisikia. Kisha liandike hilo hilo kwenye kundi, kwa sababu mtu aliyetuhumiwa mbele za watu hasafishwi chumbani.

Jina la Yussuf lirudi kwenye jalada kabla kitabu hakijapigwa chapa. Ukishindwa kusema, basi mwambie Kauthar aliondoe lako. Litakuwa jina la kwanza kufutwa kwa haki katika kitabu hicho.