Ile Tairodi ya Kushoto

Papa mpendwa,

Jumanne nilikuwa chini ya ile motoka nyekundu ya milango miwili, ile ya mbio ya Mzee Tumwine wa Kamukuzi, nikaiweka spana chini kabla kazi haijaisha. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe niliyekudanganya, na ulizikwa bila kujua.

Mzee aliileta mwenyewe gereji ninapofanya kazi hapa Mbarara. Alitaka nimfungie tairodi mpya, vile vyuma vinavyoyafanya magurudumu ya mbele yafuate usukani, nene kuliko zile nyembamba iliyozaliwa nazo.

"Wewe si mtoto wa yule fundi Mukongomani wa kambi ya Nakivale?" akaniuliza. "Baba yako aligusa hii motoka mara moja tu. Haijanisumbua tena."

Nikacheka. Nilijisikia vizuri, papa.

Nilianza kama ulivyonifundisha: kuhesabu mizunguko wakati wa kufungua, kuiandika, ili chuma kipya kirudi palepale na gurudumu lisiende upande. Kulia, mizunguko kumi na tisa. Nikahamia kushoto, nikapangusa grisi, na kitambaa kikakwama kwenye uvimbe. Nikasugua. Lilikuwa kovu la kuchomelea, katikati ya chuma.

"Chuma ya usukani habachomelee, hata siku moja." Ulilisema hilo mpaka tukakuigiza mezani.

Lakini unaikumbuka siku ile. Motoka ilikuwa kwetu kwa ajili ya breki, mama akashikwa na uchungu, na hapakuwa na gari lingine. Ukamlaza kwenye kiti cha pembeni, ukaondoka. Kabla hamjafika lami, shimo likapasua tairodi ya kushoto. Ukaichomelea kando ya barabara kwa mashine ya kuazima, ukaendesha mwendo wa ng'ombe hadi hospitali, na Neema akazaliwa. Usiku ukairudisha motoka nyumbani polepole, ukarudi hospitali kwa boda, na kutoka huko ukanipigia simu.

"Andika mu kile kitabu yako. Mzee akikuja, umuambie asiendeshe. Nitabadilisha mimi."

Niliandika. Kesho yake Mzee akaja, ana haraka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimpa ufunguo kwa mikono miwili, na nikamsindikiza hadi njiani. Jambo lilikuwa limekwisha andikwa, na kichwani mwangu lilikuwa limekwisha fanyika.

Ukarudi umembeba Neema.

"Ulimuambia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Nilimuambia, papa."

"Alisema nini?"

"Alisema atabadilisha kwake."

Ukanishika bega. "Mtu anayeandika hasahau."

Jumatano nilikwenda Nakivale, nikafungua sanduku la daftari zangu. Maneno haya nilikuwa nimeyapigia mistari miwili chini yake: *Kumwambia Mzee kuhusu tairodi ya kushoto. Hatari.* Siku inayofuata: *Mzee amechukua motoka. Ameridhika.* Nilisoma nimesimama. Neema, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, alinitazama mlangoni.

"Yaya," akaniita mimi mkubwa wake, "ni nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyekufa.

Alhamisi Mzee alikuja gereji, nikamwambia. Aliketi juu ya tairi, kofia mkononi.

"Wajukuu wangu nawapeleka Biharwe na hii," akasema. "Mmoja mmoja. Wananiambia, jjajja, kimbiza! Na mimi nakimbiza."

Kisha akaniuliza: "Baba yako alijua?"

Papa, njia ilikuwa wazi. Marehemu hajitetei. Ningesema ndiyo, nikaishia hapo, na isingekuwa hata uongo.

"Alinituma nikuambie usiendeshe. Sikukuambia. Yeye nikamwambia nimekuambia."

Akavaa kofia, akasimama. "Fungua mbele yangu. Na uhesabu kwa sauti."

Nikahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na tisa na nusu. Nilipofunga mpya, aliushika usukani akauzungusha huku na huku, akishuka kila mara kutazama magurudumu. Hakusema amenisamehe. Alikizungushia gazeti kile chuma chenye kovu, akakiweka kwenye kiti cha pembeni, palepale alipolala mama, akaondoka polepole sana.

Daftari la zamani nimekuja nalo. Chini ya ule mstari wa hatari palikuwa na nafasi ndogo. Nimeandika tarehe ya leo na neno moja: *Nimemwambia.*

Safari hii nilisema kwanza, papa, ndipo nikaandika. Pumzika.

Mwanao wa kwanza