Mkuu wa Kaya Yetu

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Juzi karani wa sensa alifika hapa kwetu Bigwa, nikakukumbuka mpaka nikacheka peke yangu. Unaikumbuka ile sensa ya nyuma, nikiwa bado shule ya msingi? Ulikuwa umekaa barazani unamenya mihogo. Karani, kijana wa watu, akapiga hodi, akakuamkia vizuri, halafu akauliza, "Mkuu wa kaya yupo?"

Ukamwambia, "Unaongea naye."

Akatabasamu. "Namaanisha mwanamume wa hapa, mama."

"Mwanangu, kuta hizi nimekandika mwenyewe. Shamba ni la mama yangu, naye alipewa na mama yake. Mwanamume nimtoe wapi, nikaazime kwa jirani?"

Mjomba alikuwa amepita kutusalimia. Akaona aibu kwa niaba yako. "Dada, si uniandikishe mimi tu? Si kaka yako?"

Ukamwangalia, kisu mkononi. "Jana ulilala hapa?"

"Nililala kwangu."

"Basi kahesabiwe kwako. Si ndivyo, karani? Mtu anahesabiwa alikolala."

Karani akainamia makaratasi yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akaandika jina lako juu, langu chini yake.

Safari hii mjomba aliniwahi. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye kiti chako. "Ukiulizwa, taja jina langu. Wewe bado mtoto, na baba wa huyo mwanao ndiyo kaenda moja kwa moja." Sikumbishia, maana ni mkubwa wangu. Nyumba hii ndiyo uliyoniachia ulipofariki. Ila nikawaza, jina lake likikaa juu leo, kesho ataanza kunipangia nani alale chumba gani.

Karani wa sasa ni binti, anaandikia kwenye kishikwambi. Akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Mjomba akakohoa, akajiweka sawa. Mimi nimesimama, mtoto mgongoni. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Unaongea naye."

Mjomba alinitazama weee, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Huyu ni dada yangu kabisa," akamwambia binti. "Mwandike. Mimi ngoja nikahesabiwe kwangu."

Tangu siku hiyo natembea kifua mbele. Mvua zikiisha nitakandika ukuta wa nyuma, ule uliokuwa unakusumbua, na mwanangu akianza kutembea atanikanyagia udongo kama nilivyokukanyagia wewe.

Binti aliuliza nani mwingine alilala hapa. Nikageuka amwone mtoto, nikataja jina: Mwantumu. Akaniomba nirudie, eti siku hizi halisikiki sana. Nikamwambia ni la mama yangu.

Kwa hiyo umeandikwa tena, mama, nyumba ileile. Ila sasa langu liko juu, lako chini yake. Usininunie.

Pumzika vizuri.

Ni mimi mwanao, ambaye siku hizi wananiita mama Mwantumu.